Faili la Fundi Rangi

Ukungu ulianza kama doa moja tu nyuma ya kabati la nguo, kubwa kiasi cha kiganja cha mtoto. Baada ya mwezi doa likapata ndugu, na ndugu nao wakaanzisha familia. Mvua zilipokatika, ukuta wote wa upande wa kitanda ulikuwa mweusi kuanzia sakafuni hadi usawa wa mto. Mwenye kulala upande huo, mke wa Mzee Viambatisho, alikuwa akikohoa mpaka vikombe vinalia kwenye sinia.

"Nitalishughulikia," alisema mumewe, na akaendelea kulisema hilo kwa miezi mitano.

Jumamosi moja asubuhi mkewe alifunga begi, akalisimamisha mlangoni, akazungumza viatu vikiwa tayari mguuni.

"Nakwenda kwa dada. Siku ukuta ule ukipakwa rangi, nipigie simu. Usinipigie siku ukimpata fundi. Usinipigie siku mkikubaliana. Nipigie ukipakwa."

"Na kama itatokea kwamba..."

"Ukipakwa," alirudia, akaondoka.

Mzee Viambatisho alibaki ameshika kitasa cha mlango. Kwa miaka ishirini na sita ya ndoa hakuwahi kumsikia mkewe akisema neno mara mbili. Alikuwa mwanamke wa kusema mara moja, halafu kutenda. Akihama, amehama. Mzee alirudi chumbani, akakaa upande wake wa kitanda, akautazama ule ukuta.

Jina la Viambatisho alipewa na mtaa. Kwa miaka thelathini na mmoja alikaa chumba namba tisa cha ofisi moja, akipokea maombi ya watu. Hakuwa na mamlaka ya kukubali wala kukataa. Kazi yake ilikuwa kuhesabu viambatisho. Kama vilitakiwa vinane na wewe umeleta saba, alikurudishia faili lako kwa mikono miwili, kwa sauti ya chini, bila kinyongo. Watu walitoka chumba namba tisa wakilia, lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kusema ametukanwa. Alipostaafu, wenzake walimpa saa ya ukutani, na majirani wakampa jina. Alivipokea vyote viwili kwa shukrani.

Mtu wa namna hiyo hawezi kuokota fundi barabarani. Isitoshe, alishaumwa. Fundi mmoja mwenye maneno matamu aliwahi kumpakia jiko, na kabla mwezi haujaisha rangi ikabanduka yenyewe na kudondokea kwenye sufuria. Tangu siku hiyo aliapa: fundi atakayegusa tena kuta zake atakuwa amekaguliwa mpaka kwenye kucha.

Fundi aliyekuja aliletwa na shemeji yake, mdogo wa kiume wa mkewe. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye sauti ndogo kuliko mwili, na brashi zake tatu alizifunga kwenye kitambaa safi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga.

"Karibu fundi, keti. Umekuja na nini?"

"Brashi, mzee."

"Nazungumzia nyaraka."

"Aa," alisema fundi, akatazama chini. "Hizo niliziacha nyumbani."

Kesho yake alirudi na bahasha ya kaki. Mzee Viambatisho alivaa miwani, akatoa kimoja kimoja na kukipanga mezani. Kulikuwa na kadi ya chanjo ya utotoni. Kulikuwa na cheti cha kuhudhuria mafunzo ya siku mbili ya huduma ya kwanza. Na kulikuwa na barua ya mwalimu wa darasa la sita, iliyosema kwamba mwanafunzi huyu ni mtoro lakini ana adabu.

"Fundi, kadi ya chanjo inahusiana vipi na rangi?"

Fundi alifikiri kwa makini. "Haihusiani. Ila ni ya kweli. Ulisema nyaraka, nikaleta zote nilizonazo."

Mzee aliiinua kadi kwenye mwanga wa dirisha, akauchunguza muhuri. Ulikuwa halali kabisa. Katika maisha yake alikuwa ameona nyaraka nyingi zinazohusika ambazo zilikuwa za kughushi. Hii haikuhusika, lakini ilikuwa halisi, na mwenye nayo hakujaribu kuipa kazi isiyo yake. Hakuwa mtu wa kukata shauri haraka, kwa hiyo alichukua jalada jipya, akaandika juu yake FUNDI RANGI, akaitoboa kadi matundu mawili na kuifunga kwa kamba.

"Tuendelee," alisema. "Nitajie nyumba tatu ulizopaka."

Fundi alizitaja, na Mzee Viambatisho akatoka na kalamu mbili, moja ya akiba.

Nyumba ya kwanza alimkuta mama mwenye nyumba akianika nguo. "Rangi ni nzuri, baba, sina la kusema. Na swichi hakuzipaka kama wengine. Alizifungua zote, akapaka, akazirudisha. Ila moja aliirudisha kichwa chini."

"Mnafanyaje?"

"Taa ya ukumbini tunaiwasha kwa kuizima. Tumeshazoea. Sasa wageni ndio wanatusumbua."

Mzee aliandika: *Rangi safi. Taa kinyume.*

Nyumba ya pili mwenyewe alimsifia fundi mpaka sifa zikazidi kipimo. Alimwita malaika. Mzee akaweka kalamu chini.

"Samahani, ndugu. Mna undugu na fundi?"

"Hapana."

"Unaweza kuthibitisha kwamba hamna?"

Yule bwana hakuwahi kuulizwa swali hilo, na alikuwa mtu mwema, akataka kusaidia. Akamwita mama yake mzazi kutoka ndani. Bibi alipewa picha ndogo ya fundi iliyobanwa kwenye faili, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali.

"Simjui," alisema hatimaye. "Lakini hii pua ni ya upande wa baba yenu."

"Mama, unasema nini?"

"Nasema pua. Baba yenu alisafiri sana kipindi kile, mimi sikusema kitu."

Mzee Viambatisho alipoona dada wa yule bwana ametoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza ni pua ipi, alifunga faili taratibu na kuaga. Nje ya geti aliandika: *Undugu haujathibitishwa wala kukanushwa.*

Nyumba ya tatu haikuwepo. Palikuwa na kiwanja na rundo la matofali, na mbuzi mmoja juu yake.

"Fundi," alimwambia jioni ile, "mbona hukuniambia nyumba ya tatu imebomolewa?"

"Uliniambia nitaje nilizopaka, mzee. Ile niliipaka."

Mzee alikuwa ameokota kipande cha lipu pale kwenye kifusi, kikubwa kama daftari, na rangi ya bluu ilikuwa bado imekishika bila ufa. Alikifunga kwenye gazeti na kukitia kwenye faili, ambalo tangu hapo halikufunga tena mpaka likazwe kwa mkanda wa suruali. Aliandika: *Rangi imedumu kuliko nyumba.*

Ikabaki sehemu ya vitendo.

Hapo ndipo penye ugumu. Huwezi kumpima mtu kwenye ukuta uleule unaotaka aupake, maana akishindwa umeshaharibikiwa. Mzee alilieleza jambo hilo barazani kwa majirani wawili, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara na kinyozi wa nyumba inayofuata. Fundi cherehani, mwanamke mwenye sindano mdomoni tangu asubuhi, alizitoa zote kwanza ndipo akasema.

"Mzee wangu, mpime kwangu. Chumba changu cha nyuma kipo wazi. Akiharibu, mimi mjane, nani ataniuliza?"

"Utakuwa umenisaidia sana, jirani."

"Ujirani mwema. Rangi nitanunua mwenyewe, ya kijani kibichi, usije ukasema nimekutwisha mzigo."

Mzee alitunga mtihani wenye maswali arobaini na nane ya mdomo na sehemu mbili za vitendo, A na B. Kwa siku tatu alikaa kwenye kiti katikati ya chumba cha fundi cherehani, akimtazama fundi akipiga msasa, akifuta vumbi, akichora kona kwa brashi ndogo kabla ya kuchukua rola. Fundi alifanya kazi ulimi umetoka nje kidogo pembeni, kama mwanafunzi. Alipata themanini na moja kwa mia, akaomba aonyeshwe alipokosea.

Ingeishia hapo. Lakini kinyozi alikuja kuona, akatingisha kichwa kwa huruma.

"Umempima chumba kikavu, mzee. Mtu anaweza kuwa hodari chumbani, ukimpeleka kwenye mvuke akachanganyikiwa. Mimi pale saluni nina mvuke mpaka darini."

"Kweli," alisema Mzee Viambatisho, na akaandika.

Baada ya dari ya kinyozi akaja mwenye duka, aliyesema fundi hajapimwa kwenye mashelfu. Baada ya mashelfu, akaja mwalimu mstaafu, kuuliza kama kuna sheria inayozuia mtihani wa ngazi za nyumba ya ghorofa. Hapakuwa na sheria hiyo. Watu wakaanza kuja na barua za maombi. Wawili waligombana hadharani nani mwenye ukuta mgumu zaidi. "Wako ule ni ukuta?" mmoja alimtupia mwenzake. "Ule hata mimi nafaulu!" Kila mmoja alinunua rangi yake. Mtaa ukapendeza upande huu na upande ule, nyumba kwa nyumba, isipokuwa moja.

Mwishoni mwa wiki ya sita simu ililia. Alikuwa shemeji yake, dada wa mkewe.

"Shemeji, dada anauliza umefika wapi."

"Mwambie fundi amefaulu dari."

Sauti nyingine ilisikika nyuma, halafu shemeji akauliza, "Dari ya nani?"

"Ya kinyozi."

Sauti ile ya nyuma ikasikika tena.

"Anauliza, na ukuta?"

"Kuta amepata themanini na moja."

"Kuta za nani, shemeji?"

"Za fundi cherehani."

"Shemeji yangu," alisema yule mwanamke polepole, "nikwambie tu, dada ameinuka. Ameingia chumbani. Namsikia anafunga zipu ya begi."

Mkewe alifika siku iliyofuata kabla ya mchana. Mzee Viambatisho alimwona kutoka barazani, akachomekea shati, akasimama. Mkewe alimsalimia vizuri, akamuuliza hali ya afya yake, akampita. Alivuka barabara na begi lake, akaingia kwa fundi cherehani, kwenye chumba cha kijani kibichi.

Mzee alivuka nusu ya barabara. "Mama watoto! Nyumbani ni huku."

"Huko kumepakwa?" aliuliza mkewe dirishani.

"Bado kidogo."

"Basi na mimi niko hapa kidogo."

Siku mbili hakukohoa hata mara moja. Mzee alijua, kwa sababu alikaa barazani kusikiliza. Siku ya tatu kinyozi alikuja, akasimama karibu naye, akakohoa yeye.

"Mzee, mimi si mtu wa maneno. Ila nimepita pale, shemeji anachagua vitambaa vya mapazia."

"Nimesikia."

"Ya maua."

"Kinyozi, nimesikia."

"Na anataka yawe na bitana, kitambaa cha pili kwa ndani, mzee. Mtu wa kupita haweki bitana."

Mtu anayeweka bitana kwenye mapazia hana mpango wa kuondoka. Mzee Viambatisho alichukua faili, akalikumbatia kwa mikono miwili kwa uzito wake, akaenda kumtafuta fundi. Alimkuta juu ya ngazi kwa mwalimu mstaafu.

"Shuka, fundi. Nimekuajiri."

Fundi alishuka kipandio kimoja kimoja, na kila alivyoshuka ndivyo uso wake ulivyozidi kuanguka.

"Lakini mtihani wa nje bado. Na wa rangi ya mafuta. Tulisema kuna wa rangi ya mafuta."

"Umefaulu."

"Nimefaulu bila kufanya?" Aliumia kweli. Alifuta brashi kwenye kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Mzee, napaka huu mwaka wa kumi na nne. Watu wote wananiuliza swali moja tu, utamaliza lini. Wewe umeniuliza maswali arobaini na nane. Uliniuliza kwa nini naanza na kona. Nilikwenda nyumbani nikakaa, nikafikiri, kweli, kwa nini naanza na kona?"

"Ulijibu vizuri."

"Ulinipa nne kwa tano."

"Ya tano niliibakiza tu, fundi. Haikuwa na kosa." Sauti ya mzee ilikuwa chini zaidi ya kawaida. "Mke wangu anashona mapazia ng'ambo ya barabara. Yana bitana."

Fundi alimtazama, akaifunga brashi yake. "Twende," alisema.

Basi baada ya wiki sita na siku nne, fundi rangi aliingia kwa mara ya kwanza kwenye chumba alichoitiwa. Walivuta kabati. Walivuta kitanda. Fundi aliutazama ukuta mweusi, akaugonga kwa kidole, akagonga mahali pengine, akainama na kuweka shavu lake juu ya lipu kama anayesikiliza mapigo ya moyo.

"Mzee, huu siupaki."

"Unasemaje?"

"Umelowa. Siyo mvua hii, mvua imekatika zamani. Kuna maji ndani. Nikiupaka leo utapendeza wiki tatu, mama atarudi, atakaa, halafu ukungu utatoka tena na rangi yangu mkononi." Alinyanyua mabega. "Fundi mwingine angekupakia. Mimi siwezi. Unahitaji fundi bomba kwanza, halafu ukauke mwezi mzima."

Mzee Viambatisho alikaa kwenye kona ya kitanda. Alifungua faili, akapitia maswali yote arobaini na nane, kutoka la kwanza hadi la mwisho, kidole kikifuata mistari. Alikuwa ameuliza juu ya brashi, msasa, ngazi, tabia, utoro, pua. Hakukuwa na hata swali moja juu ya ukuta. Wiki sita alimkagua mtu, na ukuta ulikuwa hapa, mita moja kutoka kwenye mto wake, na hakuwahi hata kuugonga.

"Fundi bomba," alisema. Mkono wake ulianza wenyewe kutafuta kalamu. "Sawa. Unamfahamu mmoja?"

"Yupo mmoja."

"Ni mzuri?"

"Sijui," alisema fundi kwa uaminifu. "Sijamkagua."

Kupitia dirishani, kutoka ng'ambo ya barabara, cherehani ilianza kulia. Ilikuwa inashona mshono mrefu, ulionyooka, usiosita, mshono wa kitu kirefu kama pazia. Mzee Viambatisho aliusikiliza mpaka ulipofika mwisho na mwingine kuanza. Akaweka kalamu chini. Akaenda stoo, akarudi na nyundo.

"Mzee, umewahi kubomoa ukuta?"

"Sijawahi."

"Basi tungoje..."

"Niambie tu wapi panalia tofauti."

Fundi aligonga, akaonyesha. Mzee alivua miwani, akaiweka mfukoni, akapiga moyo konde na kuupiga ukuta. Pigo la kwanza lilitoa vumbi. La pili lilitoa kipande cha lipu. La tatu lilitoa maji, na hayakutoka kwa kudondoka, yalitoka kwa hasira, yakampiga kifuani, yakamsukuma mpaka akakalia kitanda. Fundi aliruka na kuziba tundu kwa viganja viwili. Maji yakatokea katikati ya vidole, yakapanda mpaka darini.

"Koki kubwa iko wapi?" alipiga kelele fundi.

"Koki gani?"

"Ya nyumba nzima!"

Mzee Viambatisho alizunguka chumba kizima akitazama juu, akitazama chini, akifungua hata droo. Aliishi ndani ya nyumba hii miaka yote hiyo na hakuwa na habari. Alitoka mbio barazani, amelowa chapachapa, nyundo bado mkononi, akaita kwa sauti ambayo chumba namba tisa hakikuwahi kuisikia.

"Mke wangu! Koki iko wapi?"

Cherehani ilinyamaza. Mkewe alitoka na mkasi, akavuka barabara bila kukimbia na bila kupoteza muda, akampita mumewe barazani, akaingia uani nyuma ya jiko, akasogeza ndoo, akainama. Maji yakapungua, yakalegea, yakakata.

Aliporudi chumbani alisimama kwenye maji yaliyofika kwenye vifundo vya miguu, akatazama tundu ukutani, akatazama bomba lililooza ndani yake, akamtazama mumewe.

"Miaka ishirini na sita hujui koki ilipo?"

"Hujawahi kuniuliza."

"Na hili tundu amelitoboa nani?"

Fundi alitaka kusema kitu, akaona bora afute uso. Mzee Viambatisho aliinua nyundo kidogo, kama mtu anayeinua mkono darasani.

"Umelipiga mwenyewe," alisema mkewe. "Bila kuuliza mtu."

"Niliuliza panapolia tofauti."

Mkewe akacheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mabega, halafu ikabidi ashike kabati.

"Haujapakwa," alisema mzee, kwa sababu alikuwa mtu mkweli. "Na hautapakwa hivi karibuni. Fundi anasema lazima ukauke mwezi mzima."

"Naona, sina upofu." Alipandisha gauni, akalifunga kiunoni. "Fundi, mpigie huyo mtu wa bomba, aje leo."

"Mama, mimi sijui kama ni..."

"Aje leo."

Fundi alitoka na simu. Kutoka ng'ambo ya barabara fundi cherehani alipaza sauti, "Shoga! Mapazia nimeshamaliza upande mmoja, niendelee?"

"Endelea!" alijibu mkewe dirishani. "Ila punguza urefu, dirisha la sebuleni ni dogo!"

Mzee Viambatisho alisimama katikati ya maji, akitaka kuhakikisha kwamba amesikia sawasawa. "Sebuleni kwetu?"

"Shika godoro upande huo," alisema mkewe. "Linyanyue vizuri, ncha inaburuza kwenye maji."

Akalinyanyua.